Jiwe la Watu Wawili

Mzee Fundi hakupima nyumba ya mtu yeyote kabla ya kuwaona mume na mke wakibeba jiwe. Waliomwita kwa mara ya kwanza hawakulijua hilo, kwa hiyo walimwandalia kiti, chai na maelezo. Chai aliinywa. Maelezo aliyaacha yapite. Kisha aliinuka, akaenda kwenye rundo la mawe ya msingi, akagonga moja kwa mwiko wake wa uashi, akagonga la pili, akachagua la tatu.

"Papa, Maman, mubebe hii. Mutie pale nyumba inaanzia."

Hakueleza zaidi. Ukimuuliza nyumba inaanzia wapi, alikujibu kwamba kama angejua angelibeba mwenyewe.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kupumbazwa na mawe. Nilisoma Bukavu, nikapata diploma ya serikali, upande wa biashara na utawala, asilimia sitini na mbili, katika darasa ambalo wengi walianguka. Diploma hiyo iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya fremu ya kioo. Niliporudi nchini kwetu, upande huu wa mpaka, nilikuja na mke, watoto wawili, godoro moja na hiyo diploma. Leo nina duka la saruji na misumari hapa Kamembe, nyumba yenye bati la rangi, na watu wanaoniamkia kabla sijawaamkia. Hakuna aliyenipa. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba nikimsifu mtu, simsifu kwa kukosa kisomo.

Mji mzima ulimwita Mzee Fundi, kana kwamba mafundi wengine walikuwa wanajaribu tu. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe mpaka saa mbili asubuhi. Vifaa vyake vyote viliingia kwenye gunia moja: mwiko, timazi, nyundo, kamba, na kikombe cha bati ambacho hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Sikioni alikuwa na penseli nyekundu. Kwa miaka yote niliyomjua sikumwona akiitumia hata mara moja. Wengine walisema hajui kuandika. Wengine, hasa majirani zake wa msikitini, walisema anaandika Kiarabu kizuri kuliko imamu. Siku moja nilimuuliza penseli ni ya kazi gani.

"Ya sikio," akasema.

Kuhusu nyumba alikuwa na misemo michache, nayo aliirudia bila aibu. "Ukuta haisikie matusi, lakini inapasuka." Au: "Dirisha iko jicho, usiitie fasi haina kitu ya kuona." Ule ambao watu waliuchukua zaidi ni huu: "Bibi na bwana bakigombana juu ya mulango, haiko juu ya mulango." Niliwahi kumwambia kwamba huo wa mwisho si msemo wa ujenzi. Akajibu kwamba mlango nao si wa ujenzi, ni wa kupitia.

Visa vya jiwe ni vingi, na sitavisema vyote. Mwalimu mmoja na mke wake walilibeba wakazunguka kiwanja mara tatu. Mwalimu alitaka sebule iangalie barabara, mke alitaka iangalie ziwa, na kila walipokaribia kulitua mmoja wao aliongeza mwendo. Mzee Fundi alimaliza chai, akaomba nyingine. Mwishowe walichoka wakalitua katikati, na yeye akawajengea sebule yenye milango miwili ya mbele. Nyumba hiyo ipo mpaka leo. Wageni wa mwalimu hubisha upande wa barabara, wageni wa mke hubisha upande wa ziwa, na wakati wa Pasaka hukutana ndani kwa mshangao.

Mfanyabiashara mmoja, mtu mzito, yeye hakutaka kuchafua shati. Aliwaita vibarua wanne, wakalibeba jiwe kwa wepesi sana. Mzee Fundi akarudisha mwiko ndani ya gunia.

"Unaenda wapi?" yule bwana akauliza.

"Nyumbani. Hao banne njo batakaa mule ndani. Bakuje na bibi zao, tutaongea."

Hakurudi kwake tena, hata alipoitwa kwa heshima.

Kulikuwa pia na mjane wa Nyakarenzo, aliyetaka chumba kimoja tu na baraza. Tulidhani safari hii jiwe litasahauliwa. Mzee Fundi akainama, akashika upande wa pili yeye mwenyewe. Akalipeleka kila alipoonyeshwa, kushoto, kulia, nyuma, tena kushoto, bila kufungua mdomo. Mama yule alipolitua alikaa juu yake akalia kidogo, kisha akauliza kazi itaanza siku gani. Watu wanaosema mzee huyu alikuwa na kiburi hawakuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeleta saruji.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Yeye aliyewakataza waume kugusa ukuta wa jikoni bila kumuuliza mama mwenye jiko, aliwahi kung'oa mlango wangu wa duka saa nne asubuhi, nikiwa na wateja, kwa sababu ulikuwa unamuudhi jinsi ulivyofunguka. Alidharau ramani za karatasi, na papo hapo akawa anakumbuka kila kosa la ramani ya kila nyumba ya mtaani. Alihimiza watu wawe na subira, naye hakuweza kusubiri chai ipoe. Aliunguza ulimi kila siku na kila siku alishangaa.

Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Mtu huyu aliyewabebesha mawe bibi na bwana wa mji mzima hakukaa nyumba moja na mke wake. Yeye alipanga chumba nyuma ya msikiti wa Kamembe. Mke wake alikuwa ng'ambo, Bukavu, akiuza masufuria sokoni. Yeye hakutaka kuacha kazi yake, mama hakutaka kuacha meza yake, na walikuwa wameoana kabla mimi sijaota ndevu. Kila Ijumaa baada ya swala alivuka daraja kwa miguu na mkate chini ya kwapa, Jumapili akarudi na sufuria lenye chakula. Kiwanja alikuwa nacho, kidogo, kwenye mteremko chini ya nyumba yangu. Alipanda mihogo.

Siku moja nilimuuliza, kwa adabu, kwa nini hajengi.

"Jiwe yetu iko njiani," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu harusi."

Sasa nifike kwangu. Ilikuwa mwaka wa sita tangu turudi. Nyumba ilikuwa imeezekwa, watoto wanasoma, duka linakwenda, na mimi nilitaka etaji, yaani ghorofa. Etaji kamili, yenye balkoni na nguzo za duara, ya kuangalia ziwa, ambayo mtu akivuka kutoka Bukavu angeiona kabla ya kuona kitu kingine. Wapo watu upande ule niliosoma nao, waliocheka siku nilipoondoka na godoro kichwani. Nilitaka wawe na kitu cha kuangalia. Sioni aibu kulisema.

Pesa za kujenga etaji zingetoka kwenye kuuza shamba letu la Nyakabuye, kule ardhi inakoteremka kuelekea tambarare ya Bugarama. Shamba hilo lilitupa mahindi na maharage ya mwaka mzima. Tulilinunua mwaka wa kwanza kwa faida ya mawese na unga aliokuwa akivusha mke wangu kwenye mpaka wa Ruhwa, wakati mimi nikitafuta kazi inayolingana na diploma. Mnunuzi alikuwepo. Hati ilikuwa na majina yetu mawili, kwa hiyo zilitakiwa sahihi mbili, na siku ilikuwa imepangwa: Jumatatu, kwa notari wa sekta, afisa anayethibitisha hati. Mke wangu hakusema hapana. Nilimuuliza mara tatu, na mara zote alijibu, "Weye njo ulisoma," yaani mimi ndiye niliyesoma. Nililichukua jibu hilo kuwa ni ndiyo. Mtu aliyesomea utawala anajua kwamba asiyepinga amekubali.

Nondo nilishanunua. Mawe yalishamwagwa nyuma ya nyumba, lori mbili. Ramani nilichora mwenyewe kwa rula, kwa wino, kwenye karatasi nene, usiku kadhaa mfululizo. Alhamisi Mzee Fundi akaja. Nilimtandazia ramani mezani, chini ya diploma. Akaiangalia muda mrefu.

"Karatasi muzuri," akasema. Akaipindua. "Huku nyuma hakuna kitu?"

"Hakuna."

Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaomba chai. Wiki iliyofuata nilimkuta kazini akila sambaza za kukaanga, na chini ya samaki wale niliona kona ya balkoni yangu.

Siku ile ya Alhamisi baada ya chai akaenda kwenye rundo. Akachagua. Nikamweleza kwamba kwangu haina haja, kwamba mimi ni mtu wa vipimo, kwamba toroli lipo. Akaanza kuokota kikombe chake.

"Papa, tubebe tu," mke wangu akaniambia. Alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga wa muhogo. "Iko jiwe. Ndoa tulishafunga."

Tukaliinua. Mimi nilikuwa mbele, nikitembea kinyumenyume ili nimwonyeshe njia. Nilikuwa nampeleka upande wa mbele, pale ngazi itakapoanzia, na njiani nilimweleza: hapa ngazi, hapa inapinda, hapa unatokea kwenye balkoni, unaona mpaka ng'ambo. Lilikuwa zito kwelikweli. Kutoka nyuma kwenda mbele lazima upite jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo kilichoinama upande mmoja, na mbele yake zilipangwa jerikeni sita za njano, kwa sababu bomba la maji liko chini kabisa ya mteremko.

Tulipofika mbele ya jerikeni, mke wangu alisimama.

"Nimefika," akasema.

Akaachia.

Upande wake ulianguka, na upande wangu ukaufuata. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa katikati ya safari.

Nilikaa chini. Sikupiga kelele, kwa sababu majirani walikuwepo. Mzee Fundi alikuja taratibu na kikombe chake.

"Maman amefika," akasema. "Papa Diploma, weye ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Ngazi ya kupanda wapi?"

"Juu."

"Na maji, nani atayapandisha kule juu?"

Nilikuwa nimeshika kidole.

"Miye," mke wangu akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Miaka sita minachota maji kule chini. Sasa na ngazi juu yake. Na ile shamba ukishaiuza, Papa, nitakuwa ninapandisha maji ya kupika nini?"

Nimewahi kujibu maswali ya wakaguzi na ya maafisa wa forodha. Hilo nililijibu kwa swali.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Nilikuuliza mara tatu!"

"Uliniuliza kama nitasaini. Haukuniuliza kama ninataka."

Mzee Fundi akanywa chai, akaunguza ulimi, akashangaa.

Jumatatu mguu haukuingia kwenye kiatu, na mtu mwenye diploma haendi kwa notari na kandambili. Nilituma ujumbe kwamba tutakuja wiki ijayo. Wiki ijayo nayo kidole kilikuwa bado kama nyanya. Lakini ukweli lazima niuseme: siku kiatu kilipoingia, niliketi kitandani nimekivaa, nikamwangalia mke wangu akipanda mteremko na jerikeni kichwani, nikakivua. Mnunuzi alipata shamba la mtu mwingine. Watu wanasema Mzee Fundi ndiye aliyeliokoa shamba letu. Wengine wanasema ni kidole. Mimi nasema nilifanya uamuzi, na uamuzi ulikuwa mzuri.

Tulijenga jiko. La matofali ya kuchoma, lenye bomba la moshi na meza ya saruji ya kimo cha mke wangu, ambayo mimi nikitaka kukata kitunguu lazima niiname. Nondo za etaji hazikupotea. Mzee Fundi alizisimamisha kwenye nguzo nne nyuma ya jiko, juu kama etaji hasa, akaweka tangi la kukusanya maji ya mvua kutoka bati la nyumba, na bomba likashuka mpaka ndani. Mvua ya kwanza iliponyesha mke wangu alifungua bomba, akalifunga, akalifungua, akalifunga. Kisha akatoka nje, akaangalia juu.

"Papa, etaji yako njo ile. Mupangaji wake njo maji."

Wenzangu wa Bukavu niliwaambia kwa simu kwamba nimejenga juu. Si uongo.

Jiwe lenyewe halikuondolewa. Lilibaki pale lilipoanguka, likawa kizingiti cha jiko. Mpaka leo naliruka kwa mguu wa kulia.

Baada ya hapo tulikaa karibu miaka mitatu tukimwona kwa mbali tu. Macho yake yalianza kupungua, akawa anakagua kuta kwa kiganja. Kisha mwaka jana, mvua za Septemba zilipoanza, alibisha getini kwangu asubuhi. Nyuma yake alisimama mama mmoja mnene, mwenye kitenge kipya na sauti ya sokoni. Nilielewa mara moja, ingawa sikuwahi kumwona.

"Njo weye Papa Diploma?" mama akasema. "Banakusemaka ng'ambo."

Nilifurahi. "Banasema nini?"

"Eti ulibebaka jiwe na muguu."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Tukawakaribisha, tukawapa chai. Mama alieleza kwa kifupi kwamba ameuza meza yake ya masufuria, magoti yamekataa, amevuka na hatarudi. Mzee Fundi alisema tu kwamba anaomba jiwe moja kati ya yale yaliyobaki kwangu, kama halina kazi.

Nikawapeleka nyuma. Nikasema nitaita vibarua, nitatoa toroli, mawe wachukue hata yote, mimi si mtu wa kushindwa na mawe. Yeye alikuwa ameshainama, anapapasa kwa kiganja. Akainuka na jiwe lisilozidi parachichi.

"Mzee," nikasema, "hiyo mutoto anabeba na mukono moja."

"Weye na diploma yako," akasema. "Nilisemaka siku gani kama jiwe iko nzito? Nilisemaka iko ya batu babili. Nzito muliichagua benyewe. Miye nilikuwa ninapima nyumba munataka, ninatoa jiwe ya kimo yake."

Nilitaka kumkumbusha kwamba yeye ndiye alikuwa akichagua. Kisha nikakumbuka ukubwa wa ramani yangu.

Mama alitandaza kipande cha kitenge, jiwe likawekwa katikati, yeye akashika ncha moja, Mzee Fundi nyingine, wakaondoka. Mimi na mke wangu tukawafuata. Njia ya kwenda kiwanjani kwao ni hatua chache kwa mtu mzima, lakini kwao ilichukua muda mrefu. Walipumzika mara mbili. Mara ya pili waligombana kuhusu nani anatembea haraka.

Katikati ya mihogo kulikuwa na kijiti alichokuwa amekichomeka mwenyewe, nadhani miaka mingi iliyopita, maana kilikuwa kimechipua. Wakakifikia. Mama akakipita.

"Ni hapa!" Mzee Fundi akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno mtu akiwa amebeba jiwe. Hata kwa mjane wa Nyakarenzo.

"Miye sijafika," mama akasema.

"Mama, kijiti iko hapa. Udongo iko muzuri hapa. Minajua udongo!"

"Jua tu."

Naye akaendelea, kitenge kikakaza. Nilimwona yule mzee akisimama, ncha imo mkononi, miguu yake kwenye udongo mzuri. Angeweza kuachia. Alikuwa amewaona wengi wakiachia, hata mimi aliniona nikiachiwa. Mke wangu alinishika mkono wa shati. Mzee Fundi akaangalia kile kijiti chake kilichochipua, akakohoa, akamfuata mke wake.

Walikwenda mpaka ukingoni kabisa, kando ya barabara ya mtaa, mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili angeanzisha nyumba, vumbi na mvua vyote vinaingia. Mama akageuka kushoto na kulia, akahesabu wapita njia.

"Nimefika. Hapa nitatia dirisha, nitauza masufuria nikikaa kwa kiti."

Wakalitua pamoja, polepole, kama yai.

Mzee Fundi akaitoa ile penseli nyekundu sikioni, akanikabidhi mimi.

"Macho yangu haione tena mustari. Tuchoree weye, ulisoma."

Nikasema sina karatasi. Akaingiza mkono ndani kabisa ya koti, akatoa kitu kilichokunjwa mara nne. Nilikijua kabla hakijafunguka, kwa harufu. Upande mmoja kulikuwa na balkoni yangu, ngazi yangu na nguzo zangu za duara, zenye alama za mafuta ya samaki. Akaipindua. Upande wa pili ulikuwa bado mweupe, isipokuwa pembeni.

"Nilikuambiaka iko karatasi muzuri."

Nikapiga magoti, nikaitandaza chini, kando ya lile jiwe dogo. Upepo wa ziwa ukaanza kuivuta. Mke wangu akachuchumaa upande wa pili, akashika kona mbili, mimi nikashika moja, ya nne ikabaki inapigapiga. Sijawahi kuchora vizuri vile, na hapakuwa na rula. Nilianza na dirisha la kuuzia.

"Papa," mke wangu akasema chini chini, "uliza kwanza."

Nikaondoa penseli kwenye karatasi, nikainua kichwa, nikawauliza wote wawili wanataka nini.